Wafo zenye matufaha na mapeasi ndani, kwa asubuhi za vuli

Adui wa wafo yenye tunda ndani, yaani andazi bapa la rojo linalookwa kwenye mashine ya chuma, ni maji. Tufaha bichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake, na peasi ni vivyo hivyo. Ukilikatakata na kulimwaga bichi kwenye rojo, joto la mashine linayakamua yale maji kabla rojo halijaiva. Mvuke unakwama katikati, nje panaungua, na ukiipasua unakuta uji. Watu wengi huishia kuilaumu mashine, au unga. Kosa ni kulipeleka tunda kwenye moto wa wafo kabla halijapita kwenye moto wa sufuria.

Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili za kazi. Jioni unapika matunda mpaka yakauke na kushikana, unayaacha yapoe. Asubuhi unachanganya rojo, unalaza tunda katikati ya tabaka mbili, unafunga mashine. Asubuhi yenyewe inachukua kama dakika 45 hadi wafo ya nne itoke, na zaidi ya nusu yake ni kusubiri mashine.

Vuli inayozungumzwa hapa ni ile ya kaskazini ya dunia, ya Minnesota, Ohio, London au Stockholm, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba, majani yanapopukutika. Siyo mvua za vuli za Pwani. Ndio wakati matufaha na mapeasi yanatoka shambani yakiwa mapya na bei imeshuka. Na kuna Jumapili moja ambayo kama imeumbwa kwa kazi hii: ile ya kurudisha saa nyuma, Jumapili ya mwisho ya Oktoba kwa Ulaya na ya kwanza ya Novemba kwa Marekani, unapopewa saa nzima ya bure.

Kwa ambaye hajaizoea, wafo ni andazi bapa la rojo linalobanwa kati ya sahani mbili za chuma zenye miraba. Kwa mchanganyiko wake ni ndugu wa kitumbua na chapati za maji. Tofauti ni kwamba inapata moto juu na chini kwa wakati mmoja, na ile miraba inaongeza eneo la kukauka, hivyo nje inakuwa karakara na ndani laini.

Afya iko wapi hapa

Wafo za hotelini na za boksi ni unga mweupe, sukari, siagi, kisha sharubati juu. Hizi zimejengwa kwa unga wa ngano isiyokobolewa na oti, na utamu unatoka kwenye tunda na tende chache. Sukari iliyoongezwa ni gramu 10 kwa wafo zote 4. Kwa hesabu ya viungo vilivyoorodheshwa hapa chini, wafo moja inakuwa na takriban kalori 400 na nyuzinyuzi kama gramu 7. Ni mlo kamili wa asubuhi, usiihesabu kama kitafunio cha kusindikizia mayai na soseji.

Mafuta yamebaki, vijiko vikubwa 3, na ni vizuri yabaki. Wengi wakisikia "afya" hukimbilia kuyakata. Rojo lisilo na mafuta ya kutosha hung'ang'ania chuma, na wafo yake inatoka ngumu kama ngozi badala ya kukauka. Unaweza kushuka hadi vijiko 2 na nusu. Chini ya hapo ni kujitafutia ugomvi na mashine.

Penye ujanja ni juu ya sahani. Kijiko kimoja kikubwa cha sharubati ya mepo (maple syrup) kina sukari kama gramu 12, yaani kuzidi sukari yote iliyoingia kwenye rojo la watu wanne. Ukimimina vijiko vitatu, kazi yote ya unga na tende imekwenda na maji.

Mashine

Inahitajika ile yenye miraba ya kina kirefu, inayoitwa ya Kibelgiji, ambayo wafo yake inatoka na unene wa sentimita 2.5 au zaidi. Vipimo vya hapa ni vya mashine ya duara yenye upana wa sentimita 18. Ya mraba yenye vyumba viwili pia inafaa, gawa tu vipimo.

Mashine nyembamba, zikiwemo zile za umbo la moyo za Norway na Uswidi, hazina nafasi ya kubeba tunda katikati. Ukiwa nayo, usilazimishe: oka wafo tupu, kisha weka tunda la moto kati ya mbili kama sandwichi. Ladha ni ileile, na huenda ikawa rahisi zaidi kwa wenye watoto wasio na subira.

Ikiwa ni ile inayogeuzwa juu chini, nzuri zaidi, kwa sababu rojo la juu linashuka na kujaza miraba ya upande wa pili. Wazo lenyewe la kugeuza ni la zamani. Cornelius Swartwout wa mji wa Troy, New York, alipewa hataza (haki ya uvumbuzi) ya kuboresha chuma cha wafo tarehe 24 Agosti 1869, zama za majiko ya kuni na makaa, wakati kugeuza kwa mkono ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuivisha pande zote.

Vingine ni mizani ya jikoni, sufuria pana, mchapo wa mayai, mwiko wa mpira, blenda ya kusagia oti, na wavu wa kupozea. Wavu usiudharau. Utaona sababu.

Vipimo vya wafo 4

Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko kikubwa ni mililita 15. Unga upime kwa mizani ukiweza, maana kikombe kimoja kilichoshindiliwa na kingine kilichojazwa kwa kunyunyizia vinaweza kupishana kwa gramu 30, na hapo rojo si lile tena.

Tunda la ndani:
- matufaha 2 ya wastani, kama gramu 300 kabla ya kutoa moyo
- peasi 1 dogo, kama gramu 130
- tende 3 laini, zimetolewa kokwa na kukatwa ndogo
- maji ya limau kijiko kikubwa 1
- maji mililita 60
- tangawizi mbichi iliyoparuzwa kijiko cha chai 1
- mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai
- karafuu ya unga, inayokaa kwenye ncha ya kisu tu
- chumvi, chembe
- wanga wa mahindi vijiko vya chai 2, na kijiko kikubwa 1 cha maji baridi ya kuuyeyushia

Rojo:
- unga wa ngano isiyokobolewa (ata) gramu 110
- oti gramu 60, zilizosagwa hadi kuwa unga
- wanga wa mahindi gramu 15, sawa na vijiko vikubwa 2 visivyojaa
- bekingi pauda vijiko vya chai 2
- bekingi soda robo kijiko cha chai
- chumvi robo kijiko cha chai
- iliki ya unga nusu kijiko cha chai
- sukari gramu 10
- mayai 2, kiini na ute vikiwa mbalimbali
- mtindi mwepesi wa kunyweka (maziwa mgando, mala) mililita 270
- mafuta ya alizeti au mengine yasiyo na harufu, vijiko vikubwa 3

Tahadhari kuhusu wanga wa mahindi, kwa sababu majina hubadilika ukivuka bahari. Kinachotakiwa ni ule unga mweupe laini unaolia ukiubinya, ambao Afrika Mashariki na Uingereza huitwa konfulawa. Marekani boksi lake huandikwa cornstarch, na ukichukua linaloandikwa corn flour unaweza kurudi nyumbani na unga wa mahindi wa kawaida. Huo hauna nguvu ya kuushika mchuzi wa tunda namna hii.

Huna mtindi? Chukua maziwa ya kawaida mililita 255, ongeza kijiko kikubwa 1 cha siki au limau, subiri dakika 10. Ule uchachu si wa ladha peke yake, ndio unaoamsha bekingi soda. Mtindi mzito wa kula kwa kijiko uongeze maji hadi utiririke.

Kuchagua tunda

Si kila tufaha hupikika. Red Delicious, lile jekundu linalong'aa na kupendeza kwenye bakuli, likipikwa linakuwa kama pamba lisilo na ladha. McIntosh na lile kubwa la Kiingereza la kupikia, Bramley, hupasuka na kuwa rojorojo. Ni mazuri kwa sosi, ila kwa wafo unataka vipande vinavyojulikana mdomoni. Granny Smith linashikilia umbo na lina uchachu. Honeycrisp, lililozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991, ni tamu na halivunjiki ovyo. Changanya moja la kila aina na hutahitaji sukari kwenye sufuria.

Kwa mapeasi, Bosc na Conference ndiyo yanayovumilia moto. Bartlett, ambalo Uingereza huitwa Williams, ni tamu sana lakini likiiva linalegea, basi lichukue likiwa bado gumu kidogo. Kumbuka peasi huiva likiwa limekwisha chumwa, na huanzia ndani. Ukisubiri tumbo lake lilainike, ndani limeshaoza. Bonyeza shingoni karibu na kikonyo: pakibonyea kidogo tu, limefika.

Jioni: kupika tunda

1. Osha matufaha, toa moyo, yaache na maganda. Kata vipande vya sentimita 1. Ganda lina sehemu nzuri ya nyuzinyuzi, na likikatwa dogo halisumbui meno. Peasi limenye, kwa kuwa ganda lake lina chengachenga, kisha likate ukubwa uleule na uliweke pembeni.

2. Weka sufuriani matufaha, tende, limau, maji, tangawizi, mdalasini, karafuu na chumvi. Limau linaingia mwanzoni kwa makusudi, kwa kuwa uchachu unachelewesha tufaha kulegea, hivyo vipande vinaiva bila kusambaratika. Funika, moto wa wastani, dakika 5.

3. Funua, tia peasi. Sasa usifunike tena. Pika dakika 6 hadi 8 ukikoroga taratibu, mpaka maji mengi yaondoke na tende ziyeyuke. Kipimo ni hiki: pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikibaki wazi kwa sekunde 2 au 3 kabla mchuzi haujajifunga tena, umefika. Ikijifunga papo hapo, bado.

4. Yeyusha wanga kwenye maji baridi, si ya moto, maana kwenye maji ya moto unaganda madonge. Mimina huku ukikoroga, acha uchemke kwa dakika 1 mpaka mchuzi ung'ae, kisha epua. Ukiepua mapema utabaki na ladha ya unga mbichi. Ukiuchemsha muda mrefu pamoja na uchachu wa limau, unapoteza nguvu na mchuzi unarudi kuwa mwepesi, na ndiyo sababu unawekwa mwisho.

5. Tandaza kwenye sahani pana ili lipoe upesi, kisha weka kwenye chombo chenye kifuniko na uliingize kwenye friji. Unapaswa kuwa na takriban gramu 260, linaloshikana kama jemu nzito yenye vipande. Linakaa siku 4 bila shida.

Karafuu isizidi ile ncha ya kisu. Anayetoka Unguja au Pemba atajaribiwa kuongeza, lakini karafuu ikifungiwa ndani ya wafo inatawala kila kitu na kuacha ulimi na ganzi.

Asubuhi: rojo

Kabla ya lolote, toa tunda kwenye friji. Likiingia la baridi litaiba joto la katikati, na rojo linalolizunguka litabaki bichi. Nusu saa mezani inatosha.

Changanya vitu vyote vikavu kwenye bakuli kubwa. Kwenye bakuli jingine piga viini vya mayai, mtindi na mafuta. Mimina vya majimaji juu ya vikavu, koroga kwa mwiko mara 15 hivi, mpaka usione unga mkavu. Madonge madogo yaache. Ukiendelea kukoroga ili liwe laini kama la keki, unaamsha uvutano wa ngano na wafo inatoka ya mpira.

Liache rojo dakika 10. Pumba na oti zinakunywa maji polepole, na rojo lililoonekana jepesi litakuwa zito mbele ya macho yako. Baada ya hapo litazame: linatakiwa kuwa zito kuliko la chapati za maji, jepesi kuliko la kalimati. Linateremka kwenye mwiko kwa utepe mpana na kukaa juu ya uso kidogo kabla ya kuzama. Likiwa zito mno ongeza mtindi kijiko kimoja kimoja, kwa kuwa unga wa ata haunywi sawa kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Ute wa mayai upige peke yake kwenye bakuli kavu lisilo na chembe ya mafuta wala kiini, mpaka povu lisimame na ncha yake ipinde kidogo. Tia theluthi moja kwenye rojo na uchanganye bila woga, kulilegeza. Sehemu iliyobaki iingize kwa kukunja, mwiko ukishuka katikati na kupanda ukingoni, ukisimama mara mistari mikubwa myeupe inapopotea. Hatua hii ndiyo inayoiokoa wafo ya unga usiokobolewa isiwe tofali. Anayeamka amechelewa anaweza kutia mayai mazima, lakini atakula wafo nzito na asishangae.

Rojo halilali usiku kucha likiwa na bekingi soda ndani, kwani gesi yake huanza kutoka pale pale inapokutana na mtindi. Ukitaka kuanza jioni, changanya unga, oti na mtindi tu, weka kwenye friji, kisha asubuhi tia pauda, soda, mafuta na mayai.

Kuoka

Washa mashine mwanzoni kabisa, moto wa wastani, karibu nyuzi 180 za Selsiasi kama ina kipimo. Wafo tupu hupenda moto mkali zaidi, lakini yenye tunda inahitaji muda wa joto kufika kati kabla nje haijaungua. Taa ikionyesha tayari, subiri dakika 3 nyingine, kwa sababu taa hupima sehemu moja tu ya chuma. Tone la maji likidondoshwa linacheza na kukauka upesi. Likilala na kutokota taratibu, bado.

Paka mafuta kwa brashi, kidogo, kila mraba. Yale mafuta ya kupuliza ya kopo yaepuke kwenye mashine isiyonata, kwa sababu huacha utando wa gundi usiotoka, na baada ya miezi michache mashine iliyokuwa haishiki inaanza kushika.

Sasa fanya haraka, kama nusu dakika yote:

1. Mwaga rojo mililita 100 katikati, lisambaze hadi sentimita 1.5 kutoka ukingoni.

2. Weka tunda gramu 60, vijiko vikubwa 3 hivi. Litandaze lisizidi unene wa sentimita 1, ukiacha ukingo wa sentimita 2 mtupu pande zote. Ukingo huo ndio ukuta. Tunda likifika nje linachuruzika, sukari yake inaungua na kuwa gundi nyeusi.

3. Funika kwa rojo mililita 60 hadi 70, ukianzia juu ya tunda na kuteremsha mpaka likutane na la chini.

4. Funga taratibu. Usikandamize mfuniko. Ukiukandamiza unalisukuma tunda litokee pembeni. Kama mashine inageuka, igeuze baada ya sekunde 20.

5. Oka dakika 6 hadi 7. Usifungue kabla ya dakika ya 4, kwani pande mbili bado zimeshikamana katikati na mfuniko utaipasua wafo vipande viwili.

Kwa wafo tupu watu husubiri mvuke ukome. Hapa hautakoma kabisa, maana tunda linaendelea kutoa wa kwake, utapungua tu. Inua mfuniko kidogo: ukiinuka bila ubishi na rangi ni kahawia iliyokolea, tayari. Ukikataa, usivute, ongeza dakika 1. Unga wa ata una rangi tangu ubichi wake, hivyo inayoonekana imekolea vya kutosha mara nyingi inahitaji dakika nyingine.

Itoe kwa uma wa mbao au plastiki na uilaze juu ya wavu dakika 2. Ukiiweka kwenye sahani, mvuke unaotoka chini unageuka maji na ile sehemu karakara inalowa kabla hujakaa mezani. Ukizipanga zikilaliana ni vibaya zaidi. Zile dakika 2 pia zinaruhusu tunda lishikane, na kuulinda ulimi: tunda lililofungiwa ndani ni la moto kuliko andazi linavyoonekana kwa nje. Ukisubiri wote wale pamoja, weka wavu ndani ya oveni ya nyuzi 95, Farenhaiti 200, bila kufunika.

Ya kwanza ni ya mashine, kama chapati ya kwanza ni ya kikaango. Itumie kurekebisha muda na kiasi.

Inapoharibika

Katikati pabichi, nje pameiva. Tunda lilikuwa la baridi, au limezidi, au moto mkali. Punguza tunda hadi gramu 50, shusha moto, ongeza dakika 1. Ikiwa hata hivyo inarudia, tunda halikukauka sufuriani: lirudishe motoni dakika 3.

Imeshika na kupasuka. Mara nyingi ilifunguliwa mapema. Kama uliivumilia na bado imeshika, angalia mabaki ya sukari ya wafo iliyotangulia, yafute kwa karatasi kavu, paka mafuta upya. Sukari ikizidi kwenye rojo inaleta shida hiyohiyo, kwa hiyo kuongeza vijiko viwili "kidogo tu kwa ajili ya watoto" kunalipwa kwa kukwangua.

Imelegea kama mkate. Wanga uliachwa, mafuta yamepunguzwa, au imekaa kwenye sahani. Irudishe kwenye mashine dakika 1, au ikaushe kwenye oveni.

Ina ladha ya sabuni au chuma. Bekingi soda imezidi. Robo kijiko ni robo kijiko, na magadi ya kuivishia maharage hayachukui nafasi yake.

Imepata madoa ya kijani au buluu. Hii huwapata wanaotia bluuberi. Rangi ya beri hizo hubadilika ikikutana na soda ambayo haikupata uchachu wa kutosha. Haidhuru mwili, inaudhi macho. Beri zipikwe na limau na zikae ndani ya tunda, zisichanganywe kwenye rojo.

Kubadilisha

Kranberi huingia madukani Marekani kuanzia Oktoba. Gramu 50 badala ya peasi zinaleta uchachu mzuri na rangi, ila ongeza tende 2 na uache limau. Zipikwe hadi zipasuke zote, kwa sababu moja nzima iliyobaki hupasuka ndani ya mashine.

Boga nalo ni tunda la msimu. Liokwe, lipondwe, lichujwe kwenye kitambaa, kisha gramu 100 ziingie kwenye rojo na mtindi upunguzwe hadi mililita 200. Yale makubwa ya kuchongwa sura kwa ajili ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, yana maji mengi, nyuzi nyingi na ladha haba. Tafuta madogo ya kupikia, au yale marefu yenye shingo ya rangi ya maziwa.

Aliye Nairobi au Dar es Salaam, ambako majani hayapukutiki kwa ratiba, atapika hivihivi kwa mapeasi ya Limuru au Lushoto. Embe linafaa pia, likaushwe zaidi, dakika 12 hivi. Ndizi mbivu usiipike: iponde tu, na uache tende, maana utamu unazidi.

Mezani

Vijiko vikubwa 2 vya mtindi mzito usio na sukari na kiganja kidogo cha jozi (walnut) zilizokaangwa kavu vinatosha. Mtindi unaleta protini na ubaridi juu ya tunda la moto. Anayetaka asali achuruzishe kijiko cha chai kimoja, na mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa. Chai iwe ya tangawizi, bila sukari au yenye kidogo. Tunda tayari ni tamu.

Kuhifadhi na kusafisha

Zilizobaki zipoe kabisa juu ya wavu, zigandishwe zikiwa zimetengana kwenye trei kwa saa 2, ndipo ziingie kwenye mfuko na kutolewa hewa. Zinakaa miezi 2 kwenye friza. Kuzipasha, tumia oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12, bila kuyeyusha kwanza. Tosta ya kusimamisha ni ya wafo tupu. Hizi zikisimama tunda linachuruzikia kwenye nyaya na moshi unajaza jiko. Maikrowevu inapasha moto, lakini inarudisha maji yote uliyohangaika nayo jioni.

Mashine isafishwe ikiwa na uvuguvugu, siyo ya moto wala iliyopoa kabisa. Vuta waya ukutani, futa kwa kitambaa chenye unyevu, na brashi laini kwenye miraba. Sukari iliyokauka iwekee kitambaa cha maji ya moto, ufunge mfuniko dakika 5, itatoka bila kukwanguliwa. Usiitumbukize kwenye maji, na usitumie steli waya.